Anayekimbilia miadi yake: usemi wa Samarra na jinsi ya kuutumia

Swali: Katika makala na tahakiki za vitabu nimekutana zaidi ya mara moja na usemi "ana miadi Samarra". Naelewa unahusu kifo. Je, ni sawa na kusema "ajali haina kinga"? Umetoka wapi? Na mtu akitaka kuutumia, au kutunga hadithi ya aina hiyo kwa Kiswahili, azingatie nini?

Jibu: Si sawa, na tofauti hiyo ndiyo roho ya usemi wenyewe. "Ajali haina kinga" yasema kwamba siku ikifika hakuna cha kuizuia. Usemi wa Samarra wasema jambo kali zaidi: kinga uliyoishika ndiyo iliyokufikisha. Kwamba atakufa, kila mtu analijua. Hapa anaambiwa kuwa hatua aliyopiga ili auepuke mwisho wake ndiyo hatua pekee iliyokuwa imebaki ili mwisho huo utimie.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mfanyabiashara wa Baghdad anamtuma mtumishi wake sokoni. Mtumishi anarudi mbio, uso umempauka, anatetemeka. Amesukumwa na mwanamke katika msongamano, na alipogeuka akatambua kwamba ni Mauti, naye Mauti akamfanyia ishara ya kumtisha. Anaomba farasi akimbilie Samarra, ambako Mauti hatampata. Bwana wake anampa farasi, na mtumishi anaondoka kwa kasi yote ambayo mnyama yule anaiweza. Baadaye mfanyabiashara anashuka sokoni mwenyewe, anamkuta Mauti amesimama kati ya watu, na kumuuliza kwa nini alimtisha mtumishi wake. Mauti anajibu kwamba hakumtisha mtu. Alishtuka tu, kwa kumwona yule mtumishi Baghdad, ilhali usiku huohuo ana miadi naye Samarra.

Umbo hili ni la W. Somerset Maugham, mwandishi Mwingereza, katika mchezo wa kuigiza uitwao Sheppey, ulioonyeshwa London mwaka 1933. Mwaka uliofuata Mmarekani John O'Hara alikiweka kisa hicho mwanzoni mwa riwaya yake ya kwanza na kuipa jina Appointment in Samarra. Awali alikuwa na jina jingine kichwani. Mwandishi mwenzake Dorothy Parker ndiye aliyemwonyesha kisa cha Maugham. Riwaya ilipata wasomaji wengi, na jina lake likageuka usemi ambao hata wasioisoma wanautumia.

Watu wengi wanaujua usemi kupitia O'Hara na hawajui kisa kilisimuliwa kwa sababu gani katika mchezo wa Maugham. Hilo ni pengo kubwa. Mhusika mkuu wa mchezo ni kinyozi ambaye jina lake la utani, Sheppey, limetokana na kisiwa cha Sheppey. Daktari alikuwa amemshauri aende huko akapumzike. Mwishoni Mauti anapomjia, kinyozi anajuta: laiti angekwenda kisiwani, Mauti asingefikiria kumtafuta kule. Hapo ndipo Mauti anapomsimulia habari ya Baghdad na Samarra. Kwa hiyo kisa hiki kilisemwa ili kujibu "laiti". Anayekufa anadhani palikuwa na mahali pengine pa kuwa. Anaonyeshwa kwamba mahali pengine ndipo penyewe. Lishike jambo hili, maana nitalirudia nikifika kwenye matumizi.

Maugham hakukibuni kisa. Umbo la kale tulilo nalo limo katika Talmudi ya Babeli, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya Kiyahudi, katika kitabu cha Sukka. Mfalme Suleimani anamwona malaika wa mauti ana huzuni na kumuuliza sababu. Malaika anasema ametakiwa kuwachukua wale Wakushi wawili wanaoketi hapa. Ni waandishi wa mfalme, Elihorefu na Ahiya, wana wa Shisha, ambao majina yao yamo pia katika 1 Wafalme 4:3. Suleimani anawakabidhi kwa majini awatumikishao wawapeleke Luzi, mji ambao kwa mapokeo hayo malaika wa mauti haruhusiwi kuuingia. Wanafika viungani mwa Luzi na kufa kabla ya kuingia mjini. Kesho yake Suleimani anamkuta malaika akicheka: mahali nilipotakiwa niwachukue, ndipo ulipowapeleka. Mfalme anahitimisha kwamba miguu ya mtu ni mdhamini wake. Inampeleka pale anapotakiwa.

Tazama ujenzi wake. Waandishi wale wawili hawakukimbia; hata hawajui kwamba wanatafutwa. Anayekimbiza ni anayewapenda. Na mji wenyewe si mji wowote, ni mji usioingiliwa na mauti, kwa hiyo vifo vyao vinaangukia palepale wanapowasili, hatua chache kabla ya usalama kamili. Kwa uchungu, umbo hili naliona zito kuliko la Maugham, ingawa halina ule mshtuko wa sentensi ya mwisho.

Katika mapokeo ya Kiislamu kisa kilibaki kwa Nabii Suleimani, lakini kikapata kiungo kipya: jicho. Mshairi Jalaluddin Rumi, aliyefariki mwaka 1273, anakisimulia katika kitabu cha kwanza cha Masnavi, utenzi wake mrefu. Mtu anaingia asubuhi barazani kwa Suleimani, midomo imemgeuka rangi ya buluu kwa hofu. Izraili amemtazama kwa ghadhabu. Anaomba upepo uamriwe umpeleke Bara Hindi, na upepo unampeleka. Baadaye Izraili anapoulizwa anasema hakumtazama kwa ghadhabu bali kwa mshangao. Mungu alimwamuru aichukue roho ya mtu yule siku hiyohiyo katika Bara Hindi, naye akajiuliza: hata angekuwa na mbawa mia, angefikaje huko leo? Sasa basi tunaye Mauti anayeshangaa, na mkimbiaji aliyekosea kusoma uso. Viungo hivyo viwili ndivyo Maugham alivyovirithi. Kabla yake Mfaransa Jean Cocteau alikuwa amekipachika katika riwaya yake ya mwaka 1923, akiweka mtunza bustani wa Kiajemi anayekimbilia Isfahan, na mshairi Mholanzi P.N. van Eyck alikigeuza shairi mwaka 1926, naye akabaki na Isfahan.

Kuhusu Rumi nina la kuonya, kwa sababu kisa chake hunukuliwa kana kwamba ni hukumu yake ya mwisho juu ya kadari. Ndani ya Masnavi kisa kimo katikati ya mabishano. Wanyama wa bonde wamechoka kuwindwa na simba. Wanamsihi aache kuwinda, akae, amtegemee Mungu, nao watamletea riziki yake kila siku. Wao ndio wanaoshikilia tawakali, na habari ya Izraili imo katika hoja za upande huo. Simba ndiye mtetezi wa jitihada, na ndiye anayeleta maneno ya Mtume kwamba umtegemee Mungu huku ukimfunga ngamia goti. Hoja za simba ndizo zinazowanyamazisha wanyama. Kisha simba huyohuyo, bingwa wa jitihada, anahadaiwa na sungura, anakiona kivuli chake ndani ya kisima, anadhani ni adui, anajirusha na kuangamia. Rumi amekataa kumpa upande wowote ushindi wa bure. Anayekinukuu kisa cha Izraili peke yake ili kuwaambia watu wasihangaike, amechukua maneno ya upande mmoja wa kesi, tena upande wenye maslahi.

Sasa tufungue mashine yenyewe, maana hapa ndipo waandishi wanapoharibu.

Kiungo cha kwanza ni ishara yenye maana mbili. Uso ulioshtuka na uso uliokasirika hufanana kwa anayeogopa. Ishara isipokuwa na maana mbili za kweli, jibu la Mauti mwishoni litaonekana ni ujanja. Msomaji akirudi nyuma lazima akute kwamba hakudanganywa: aliambiwa juu ya ishara na mtu mwenye hofu, na hofu ndiyo iliyoitafsiri. Ndiyo maana ishara huletwa kwa mdomo wa mtumishi. Msimulizi haithibitishi mwenyewe.

Cha pili, na ndicho kinachokosewa zaidi, ni Mauti asiyejua yote. Mauti wa kisa hiki ni mtu wa kazi mwenye daftari: ameandikiwa jina, siku na mahali. Njia ambayo mtu atafikia hapo hakuandikiwa, ndiyo maana anashangaa kwa dhati. Waandishi wachanga humfanya mjanja anayetega mitego na kucheka kimoyomoyo. Papo hapo kisa kinakufa, kwa sababu mkimbiaji sasa ameshindwa na mwindaji hodari, na msomaji anabaki akifikiri kwamba angekuwa hodari zaidi angeponyoka. Katika kisa cha asili hakuna aliyewinda.

Cha tatu ni mfadhili. Mtumishi hawezi kufika Samarra bila farasi wa bwana wake; yule wa Rumi hawezi kufika Bara Hindi bila upepo wa Suleimani. Mfadhili huyu anafanya kazi mbili. Anaziba pengo la msomaji anayesema "angepata msaada mzuri angepona", kwa kuwa msaada ulikuwa bora kuliko wote. Pia ndiye anayebaki hai na kumuuliza Mauti. Bila yeye hakuna wa kuuliza, na jibu halina masikio ya kulipokea.

Cha nne ni umbali, na hapa hesabu lazima ikubali. Samarra iko kando ya mto Tigris, kilomita zipatazo 125 kaskazini mwa Baghdad. Ulikuwa makao makuu ya dola ya Waabbasi kuanzia mwaka 836 hadi 892, kwa hiyo ni mji wa kweli kabisa, wenye mnara mashuhuri wa mzunguko wa Malwiya. Farasi mzuri anaweza kuufikia kwa siku moja akikimbizwa sana. Mashindano ya leo ya farasi wa masafa marefu hufikia kilomita 160 kwa siku. Basi Samarra ni mbali vya kutosha mtu kujiona ameponyoka, na karibu vya kutosha kufika usiku huohuo ikiwa tu atakimbia kweli. Angekwenda kwa mwendo wa kawaida, miadi ingemponyoka Mauti. Kasi ya hofu imo ndani ya hesabu. Rumi alipotaka Bara Hindi ilimbidi atumie upepo, kwa sababu farasi hangetosha.

Ndiyo maana kuna kosa moja linalonikera: kuandika Samarkand mahali pa Samarra na kuacha farasi na soko la Baghdad palepale. Samarkand iko Uzbekistan, zaidi ya kilomita 2000 kutoka Baghdad. Hakuna farasi wa kufika usiku ule. Mkanganyiko una asili yake. Mfaransa Jacques Deval aliutumia mji huo katika jina la mchezo wake wa mwaka 1950, Ce soir à Samarcande, na Mwitaliano Roberto Vecchioni akauimba mwaka 1977. Ukitaka Samarkand, hamisha pia mahali pa kuanzia au badilisha chombo cha safari.

Tukiijua mashine, tunaweza kuutofautisha usemi na jamaa zake. Ulio karibu nao zaidi ni habari za wanaotimiza utabiri kwa kuukimbia. Edipo wa hadithi za Kigiriki anaambiwa na kahini kwamba atamuua baba yake. Anaihama Korintho anakodhani baba yake yuko, na njiani anamuua Laio, baba yake wa kweli. Mwanahistoria Mgiriki Herodoto anasimulia juu ya mfalme Kroiso aliyeota kwamba mwanawe atakufa kwa ncha ya chuma. Akaondoa mikuki yote chumbani, na aliporidhia kijana aende kuwinda nguruwe mwitu akampa mlinzi, Adrasto. Mkuki wa mlinzi huyo ndio uliomkosa nguruwe na kumpata kijana. Hizi ni Samarra halali: kinga imegeuka chombo.

Habari ya Fumo Liyongo si Samarra, ingawa watu huiweka kapu moja. Liyongo hapenyeki kwa silaha isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na mwanawe anaipeleleza siri hiyo na kumchoma akiwa usingizini. Hapo kuna usaliti na siri iliyotoka. Hakuna mbio zilizompeleka mtu kwenye miadi. "Kuruka mkojo kukanyaga mavi" nayo ni mbali, kwa sababu balaa la pili ni jingine na ni baya zaidi, wakati Samarra balaa ni lilelile, limekusubiri mbele. "Mbio za sakafuni huishia ukingoni" imekaribia kidogo, lakini ukingo haukuandikwa kwa jina la mtu. Na kuna lile jambo ambalo mwanasosholojia Robert K. Merton alilieleza mwaka 1948 kwa mfano wa benki: uvumi kwamba benki imefilisika unawafanya wateja waondoe fedha, na benki inafilisika kweli. Waandishi wa habari za uchumi hupenda kuliita hilo Samarra. Silikubali. Benki ile ilikuwa nzima. Hofu ndiyo iliyozaa maangamizi. Samarra, daftari lilikuwa limekwisha kuandikwa kabla ya hofu.

"Liandikwalo ndilo liwalo" inauzunguka usemi wote, ila haitaji njia. Nadhani ukiiambatanisha na kisa, methali inapata mwili na kisa kinapata mizizi katika lugha yetu. Ukiziweka kama visawe, unapoteza kimoja.

Je, kisa kinafundisha kukaa bure? Wanaokipinga hudhani hivyo, na wanaokishabikia pia. Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, walikabiliana na hoja hiyo zamani, na Mrumi Cicero ameihifadhi katika kitabu chake juu ya kadari, mwaka 44 KK: ikiwa imeandikwa utapona, utapona umwite daktari usimwite, kwa hiyo daktari wa nini? Krisipo, mmoja wa Wastoa hao, alijibu kwamba mambo huandikwa pamoja. Kupona kumeandikwa pamoja na kumwita daktari. Kisa cha Samarra kimesimama upande wa Krisipo, ingawa ni upande wake wa giza. Ndani yake matendo yana uzito wote. Bila farasi hakuna miadi. Kinachokosekana ni habari: mtumishi hajui ni tendo lipi kati ya matendo yake ndilo limeandikwa pamoja na kifo chake. Kukaa nako ni tendo, na kungeweza kuwa ndilo.

Mwaka 1978 wanafalsafa Allan Gibbard na William Harper waliligeuza hilo kuwa fumbo, wakikihamishia kisa Dameski na Aleppo. Mauti anaandika daftari lake mapema kwa kutabiri mtu atakuwa wapi, na karibu hakosei. Mtu yuko Dameski, anaambiwa miadi ni kesho. Akiamua kubaki, uamuzi wenyewe unamwonyesha kwamba Mauti atakuwa Dameski, hivyo afadhali Aleppo. Akiamua Aleppo, hesabu inageuka tena. Hakuna uamuzi unaotulia. Fumbo hilo bado linafanyiwa kazi na wanaochunguza nadharia ya maamuzi, na ni ushahidi kwamba kisa kina akili kuliko huzuni inayosifiwa kwayo.

Kwa wasomaji Waislamu, kauli iliyo bora kuliko zote katika suala hili ni ya Khalifa Umar bin Khattab katika karne ya 7, alipokuwa njiani kuelekea Shamu na kupata habari kwamba huko kuna tauni. Akaamua kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akasema ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu kuelekea kadari ya Mwenyezi Mungu, na akatoa mfano wa mchunga ngamia mwenye bonde la pande mbili, moja lenye malisho na moja kavu: popote atakapochunga ni kwa kadari. Kwa hiyo asitokee mtu akatumia Samarra kumshawishi mgonjwa aache dawa, au watu wa eneo la hatari wasihame. Kisa hakikusema kwamba kukimbia ni kosa. Mtumishi angekaa Baghdad, hatujui. Na yeye hakujua. Kwa alichokijua, farasi alikuwa uamuzi wa busara.

Sasa matumizi. Kabla hujaandika "alikuwa na miadi Samarra", jiulize mambo matatu. Je, mhusika aliiona hatari, au alidhani ameiona? Je, alichukua hatua kuikwepa? Je, hatua hiyohiyo ndiyo iliyomweka pale? Moja likikosekana, tafuta usemi mwingine. "Mzee alifariki akiwa na miaka 90, alikuwa na miadi Samarra" ni upuuzi, kwani hakukimbia lolote. "Alikataa ndege kwa kuhofia ajali, akapanda meli, na meli ikazama" ni sahihi. "Kampuni iliuza tawi lake imara ili ipate fedha za kuepuka kufilisika, na kukosa tawi hilo ndiko kulikoifilisi" inapita kwa sitiari, japo hapo daftari la awali ni la kubuni.

O'Hara mwenyewe aliulegeza usemi. Mhusika wake, Julian English, muuza magari katika mji wa kubuni wa Gibbsville, Pennsylvania, anajiangamiza ndani ya siku chache za Krismasi ya mwaka 1930 kwa mfululizo wa matendo yanayoanza na kummwagia mtu kinywaji usoni. Huyu hamkimbii Mauti. Anakwenda kwake bila kusukumwa. Tangu hapo wahakiki wengi wanatumia Samarra kwa maana ya mtu kujichimbia kaburi. Ukiusoma katika tahakiki ya fasihi ya Marekani, tarajia maana hiyo. Ukiutumia mwenyewe, bora ushike ya kisa.

Pana mahali pawili ningekuomba usiutumie kabisa. Pa kwanza ni kwa waliofiwa. Nilisema kisa kilizaliwa kujibu "laiti". Katika mchezo, Mauti anamwambia kinyozi anayekufa, na kwake kinaifunga ile laiti: hapakuwa na kisiwa cha kukuokoa, tulia. Lakini kila Samarra ina mwenye farasi. Mama aliyemkatia mwanawe tiketi, kaka aliyemshauri ahamie mji ule, rafiki aliyemtafutia kazi kule. Ukimsimulia mmoja wao kisa hiki msibani, umemfungulia laiti mpya ambayo pengine hakuwa nayo: laiti nisingempa farasi. Nia yako ilikuwa kumwambia kwamba iliandikwa. Yeye amesikia kwamba mkono wake ndio ulioandika. Akilianza mwenyewe, mjibu kwa ile hoja ya habari: mfanyabiashara wa Baghdad alimpa farasi mtu aliyemwomba kuokolewa, na kwa alichokijua asubuhi ile lilikuwa tendo jema.

Pa pili ni habari za Iraki. Samarra wanaishi watu. Msikiti wa al-Askari wa mji huo ulilipuliwa Februari 2006, na damu nyingi ikamwagika nchini baada ya hapo. Kichwa cha habari kinachocheza na "miadi Samarra" juu ya vifo vya kweli vya watu wa Samarra kinawageuza pambo la usemi wa Wazungu. Usikiandike.

Ukitaka kutunga kisa chako, anza na ufupi. Cha Maugham hakifiki maneno 200 kwa Kiingereza, na Kiswahili, kwa vile hubeba nafsi, wakati na mtendwa ndani ya kitenzi kimoja, kinaweza kukimaliza kwa maneno 150. Ukizidisha sana, msomaji anapata nafasi ya kubashiri. Usieleze mhusika alikuwa mwema au mwovu, kwa sababu kifo kitaonekana ni malipo.

Amua mapema nani anasimulia. Maugham alimpa Mauti usimulizi, na kwa Kiswahili mbinu hiyo ni tamu ajabu, kwa kuwa inaweza kufichwa katika silabi moja. Simulia nusu ya kwanza kwa nafsi ya tatu, mtumishi aende na farasi wake, kisha andika: "Tajiri akashuka sokoni, akaniona nimesimama kati ya watu." Ile -ni- ndani ya "akaniona" inamgeuza msimulizi kuwa Mauti bila tangazo lolote. Usilitilie mkazo, acha msomaji alikwae. Ukichagua njia hii, hakikisha hakuna "mimi" wala "nasikia" mahali popote kabla yake.

Upatanisho wa sarufi pia una uamuzi ndani yake. Mauti yakiwa tukio yana ngeli yake: mauti yamemfika. Yakiwa mhusika hupata a- na wa-: Mauti amesimama. Usichanganye ndani ya kisa kimoja, maana kila "yali-" itamvua uhai wake. Kiambishi a- hakisemi ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo ukitaka awe mwanamke kama kwa Maugham itabidi useme wazi. Ukitaka abaki bila jinsia, lugha imekusaidia tayari. Ukimwita Izraili umebadilisha kisa: huyo ni malaika mwenye kuamriwa, na aliyoshika ni amri ya Mungu. Hapo neno "miadi" halimfai, wala hapaswi kuwa na kiburi cha mwenye uamuzi.

Ishara ya mwanzo ichague ndani ya mazingira ya hadithi yako na uijaribu kwa mtu. Mwelezee ishara bila kisa, umuulize inaonyesha nini. Akisema hasira tu, au mshangao tu, haifai. Akisita kati ya viwili, umeipata. Jicho lililokodolewa linafaa, mkono ulioinuliwa ghafla unafaa, mtu kusita katikati ya hatua kunafaa. Kidole kilichonyooshwa hakifai, kwa sababu kinachagua.

Mwisho, jina la mahali. Mahali pa kukimbilia patajwe mapema na mkimbiaji mwenyewe kama tumaini, kisha pasitajwe tena hadi neno la mwisho kabisa. Andika "nina miadi naye usiku huu, Samarra". Ukiandika "Samarra usiku huu", pigo limetua kabla ya sentensi kuisha, na maneno mawili yanayofuata yanaligugumiza. Baada ya jina hilo usiongeze mstari: mfanyabiashara asilie, farasi asirudi peke yake, usiku usiingie.